Kengele Aliyoinyamazisha Nestor

Siku Nestor alipoondoka, theluji ilikuwa ikidondoka kutoka paani vipande vipande na kupasukia kwenye ngazi za nyuma. Ilikuwa siku ya kwanza ya joto mwezi ule wa Machi. Simu ya ukutani iliita tukiwa mezani. Alisikiliza, akasema, "Usiguse kitu, nakuja," akachukua kofia na kompyuta yake ya kubeba, akaniambia nisiimwage supu yake.

Sikuimwaga. Ilikaa jikoni mpaka wanawake wa kanisani walipokuja kuosha vyombo.

Gari liliteleza kwenye kona ya shimo la kokoto, pale ambapo maji ya mchana yalikuwa yameanza kuganda, likalala ubavu mtaroni. Halikuwa na kasi. Askari aliyekuja kunipa habari alikuwa kijana mpole. Alivua kofia, akasema kwamba kama mume wangu angefunga mkanda, pengine angetoka na michubuko tu.

"Kengele haikumkumbusha?" aliniuliza.

Kengele ya gari lile ilikuwa imenyamazishwa, na aliyeinyamazisha ni Nestor mwenyewe.

Wanaosoma maandishi yangu haya ya kila wiki tangu mwanzo wanayajua haya. Kwa wanaofika leo, niseme machache. Sisi ni wakulima wa ngano na ng'ombe, kaskazini ya Saskatoon, Kanada. Huku mtu anashuka garini kufungua lango, anapanda, anasogea hatua chache, anashuka tena kulifunga. Kila akipanda, kengele ya mkanda inampigia kelele kama mama mkwe. Nestor alinunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, na kwa programu ya kwenye kompyuta aliweza kuingia katika kontroli boksi, ule ubongo wa umeme wa gari, na kubadilisha yale yaliyowekwa kiwandani. Akaanza na kengele ya gari letu. Majirani wakasikia. Wakawa wanakuja Jumapili baada ya ibada, mmoja mmoja, na chupa ya viazisukari vya siki au soseji, na Nestor akawanyamazishia.

Mimi nilikaa kiti cha pili, namsomea tarakimu, kwa sababu miwani yake haikuonekana hata siku moja alipoihitaji. Ndivyo nilivyojifunza.

Tangu tumzike nimekuwa na haja moja. Nilitaka kengele irudi kwenye gari la Metro, mdogo wake Nestor, kabla ya arobaini. Metro anaendesha kama anafukuzwa. Nimeshazika mtoto mmoja wa mama mkwe wangu na sikutaka kuzika wa pili kwa sababu ileile. Lakini tarakimu za asili za gari la Metro zilikuwa kwenye kompyuta ya Nestor, na nilidhani kompyuta ilipondeka kule mtaroni.

Wiki iliyopita niliishia pale yule mtu wa yadi ya magari mabovu aliponiambia haikupondeka.

"Shemeji yako aliifuata," alisema. "Siku ileile. Hata jeneza mlikuwa hamjachagua."

Basi leo nilivaa viatu vya mpira nikaenda kwa Metro kwa miguu. Barabara ilikuwa tope tupu. Jua lilikuwa bado juu nilipofika, na yeye alikuwa uani, anamwaga majani makavu kwenye tope chini ya lori la nafaka ambalo ndilo alilokuwa akitembelea siku zote hizi. Pikapu yake, alituambia mimi na mkewe Olha, gia imekufa.

"Shemeji," aliniita. "Umekuja kwa miguu kama mhubiri. Ungepiga simu nikufuate."

"Na lori la nafaka?"

"Lina kiti, lina breki kiasi. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kompyuta ya Nestor."

Aliendelea kumwaga majani. "Kompyuta gani?"

"Metro, usinifanye mtoto. Nimeshafika yadi."

Akasimamisha uma wa majani ardhini. Ni mtu mnene, mwenye sauti kubwa, hucheka kabla hujamaliza kumwambia jambo. Sasa hakucheka.

"Ilikuwa na tope," alisema. "Nilitaka kuisafisha kwanza."

"Siku arobaini unasafisha?"

"Unaitakia nini? Unajua hata kuiwasha?"

"Nani alikuwa anasoma tarakimu za gari lako, mimi au paka? Lete kompyuta, toa turubai kwenye pikapu, nirudishe kengele yako. Kesho ni arobaini. Sitaki kukuona kanisani ukiwa umekuja bila mkanda, halafu tusimame pale tumwombee Nestor."

"Nimekwambia gari ni bovu. Gia."

"Kengele haihitaji gia."

"Stefa, liache."

Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu niolewe. Nilielewa kwamba mlango wa banda ndio aliokuwa akiulinda, maana alikuwa amesogea mpaka kati yangu na ule mlango bila yeye mwenyewe kujua.

Nilimpita. Hakunizuia. Ndani kulikuwa na harufu ya ndama na mafuta ya injini. Pikapu ilikuwa chini ya turubai, na juu ya turubai kuku walikuwa wamefanya yao. Nilivuta upande wa dereva, nikafungua mlango, nikapanda, nikageuza ufunguo ambao siku zote huachwa palepale.

Gari lenye gia mbovu bado huwaka taa za dashibodi. Hili lilionyesha vistari tu mahali pa namba, kisha giza.

Nimekaa kiti cha pili miaka mingi. Nilijua ninachokiona: mtu alikuwa ameingia kwenye kontroli boksi.

"Nani aliligusa hili?" niliuliza.

Metro alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama yule askari.

"Ni ile honi," alisema.

Magari haya, ukishuka huku injini inanguruma, hupiga honi mara mbili kukuambia umeacha gari likiwaka. Kwa mtu wa mjini ni msaada. Kwa mtu mwenye ng'ombe wanaozaa ni balaa.

"Ng'ombe mmoja aliyezaa alishtuka akamkanyaga ndama wake," Metro alisema. "Nilimwomba Nestor aiondoe. Akasema Jumapili. Jumapili ikaja, akasema Jumapili nyingine. Nikasema, hivi kaka yangu ana nini ambacho mimi sina? Nikanunua kifaa changu. Nikachukua kompyuta ya Olha, ile ya nyimbo za kwaya. Nikaweka chaja ya betri kama alivyokuwa anasisitiza, mimi si mjinga kiasi hicho. Nikaandika tarakimu. Ikaenda, ikaenda, halafu ikawa nyekundu na gari likafa mikononi mwangu. Niliweka tarakimu vibaya, shemeji. Sijui ipi. Nimeifikiria kila siku, sijui ipi."

Ndama alilia kwenye kona, chini ya taa ya joto.

"Ukafanya nini?" niliuliza, ingawa tayari nilikuwa nasikia ile simu ya ukutani.

"Nikampigia."

Nilishika usukani.

"Nilimwambia ng'ombe anazaa na sina gari. Nikamwambia njoo haraka." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Nilisema haraka mara mbili."

Pale makaburini niliwauliza watu nani alimpigia Nestor. Niliuliza kwa sauti, mbele ya kila mtu. Metro alikuwa ameshika mkono wangu wa kulia wakati nauliza.

"Ndiyo sababu ukaifuata kompyuta," nilisema.

"Watu wangeuliza alikuwa anaipeleka kwa nani."

"Olha anajua?"

"Anajua gia."

Nilishuka garini. Niliwaza kurudi nyumbani. Njia ilikuwa ileile niliyojia, na tope lilelile, na hakuna aliyenishika. Ningeweza pia kumwambia maneno, na nilikuwa nayo mengi, yamejipanga. Nilimtazama Metro, nikaona amevaa sweta la Nestor, lile la kijani nililompa wiki ya mazishi kwa sababu lilikuwa kubwa kwa watu wengine wote.

"Fungua boneti," nilisema.

"Shemeji?"

"Fungua boneti, weka chaja, halafu nenda kalete kompyuta. Na kama umeisafisha kwa maji nitakuua."

Akaenda mbio. Aliirudisha imefungwa kwenye taulo la jikoni. Kona moja ilikuwa imepasuka, kioo kilikuwa kizima. Ilipowaka, ilitokea ile picha ya mbwa wetu aliyekufa, amekaa kwenye kiti cha dereva. Nilingoja kidogo kabla ya kubonyeza kitu.

Nestor alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Kabla hajagusa gari la mtu, alihifadhi kwanza nakala ya kila kitu jinsi kilivyotoka kiwandani, akaipa jina la mwenyewe. Majirani walimcheka, wakisema anapiga picha ya maiti kabla ya kumchinja ng'ombe. Nilitafuta jina la Metro. Lilikuwapo. Nestor alikuwa ameandika "Metro Kichwa Maji."

"Anasemaje?" Metro aliuliza, akichungulia dirishani.

"Anasema Metro."

Nilichomeka kifaa cha Metro chini ya usukani. Programu ilitafuta, ikatafuta, halafu ikaliona kontroli boksi. Halikuwa limekufa kabisa. Lilikuwa limeandikwa nusu, nusu nyingine tupu.

"Sikiliza," nilimwambia. "Narudisha kila kitu cha kiwandani. Honi itarudi. Kengele itarudi."

"Irudishe."

"Likikwama katikati mara ya pili, huenda lisiandikike tena. Kaa kiti cha dereva, kanyaga breki ukiambiwa, usiguse kingine. Usifungue mlango. Usiwashe hata taa. Nguvu ya betri ikishuka tu, tumelipoteza."

"Nestor alikuwa anasema boksi linabaki nusu mtu."

"Najua alivyokuwa anasema."

Alikaa kiti cha dereva, mimi cha pili, kama tulivyokuwa tukikaa na Nestor. Nilizikagua tarakimu mstari kwa mstari, kwa sauti, kwa mazoea, na Metro akawa anaitikia "ndiyo" kila mstari bila kujua anaitikia nini. Chaja ilikuwa inavuma mbele ya gari. Waya wake wa ekstensheni, ule wa rangi ya chungwa, ulipita sakafuni mpaka kwenye soketi iliyo kando ya mlango. Kwenye kona ya skrini palionekana nguvu ya betri: volti kumi na tatu na nukta kadhaa. Salama.

Nikabonyeza.

Mstari wa kijani ulianza kujaa, polepole kuliko nilivyokumbuka. Metro alikuwa anapumua kwa mdomo. Nusu ikapita.

Hapo mlango wa banda ukafunguka, akaingia Olha na kikapu cha mayai.

"Stefa, dada yangu, nimeona nyayo zako kwenye tope nikasema hizo si za mwanaume. Supu iko motoni, perogi za viazi nimekanda za kesho na za leo. Mbona mmekaa humo kama wachumba?"

Metro alinyanyua mkono kumwashiria asubiri. Mimi sikuthubutu kugeuka.

"Sawa, sawa, siwasumbui," Olha alisema, na akawa anaendelea kusumbua. Aliongea juu ya mikate ya kesho, kwamba padri anataka mitatu juu ya meza, na ngano ya asali ya kumkumbuka marehemu ameiloweka yeye kwa sababu mama mkwe hamwamini mtu mwingine. Akasogea mlangoni. Mkono wake ukashuka kwenye soketi, ukachomoa waya, ukaanza kuuviringisha kwenye kiwiko, na yeye mdomo haujasimama.

"Nani anachomeka gari mwezi wa Aprili," alisema. "Umeme unaliwa bure." Akautundika waya kwenye msumari, akatoka na mayai yake.

Chaja ilikuwa imenyamaza.

Huku kwetu kila gari lina hita ya injini, na majira yote ya baridi huchomekwa kwenye umeme, la sivyo asubuhi haliwaki. Na kila nyumba ina mtu mmoja ambaye, joto likija tu, hupita akichomoa. Olha huchomoa bila kutazama waya umekwenda wapi. Mkono wake huenda wenyewe.

Kwenye kona ya skrini namba ilianza kushuka. Kumi na mbili na nusu. Kumi na mbili na robo.

"Metro," nilisema. "Waya."

"Umesema nisifungue mlango."

"Dirisha."

Kioo kilikuwa wazi, kile alichokuwa akichungulia. Sijui mtu wa mwili ule alipitaje pale. Nilisikia koti likichanika, nikasikia ameanguka juu ya turubai, nikasikia anatukana kwa lugha ya bibi yake. Kumi na mbili kamili. Mstari wa kijani ulisimama. Niliutazama ukiwa umesimama, na sikuwaza Nestor wala arobaini, niliwaza tu kwamba sikupaswa kuja.

Kumi na moja na nukta tisa.

Kisha chaja ikavuma. Namba ikatikisika, ikapanda. Mstari ukakaa bado palepale kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, halafu ukasogea. Ukajaa. Programu ikaandika kwamba imemaliza, kama inavyoandika siku zote, kwa herufi ndogo.

Niliinua macho. Metro alikuwa amesimama kando ya soketi, ameishika plagi ukutani kwa mikono miwili. Alikuwa anautazama ule msumari.

"Siku ile," alisema.

Nilikuwa nimeshafika pale kabla yake, lakini nilimwacha aseme.

"Siku ile pia alipita. Alikuwa anakwenda kuokota mayai. Ilikuwa siku ya kwanza ya joto." Aliikandamiza plagi. "Nilipotoka garini kwenda kupiga simu, waya ulikuwa msumarini. Nilidhani niliutundika mimi."

"Kwa hiyo tarakimu zako..."

"Zilikuwa sawa, shemeji. Zilikuwa sawa zote."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba iwe uongo.

"Rudi garini," nilimwambia. "Jaribu."

Alirudi, safari hii kwa mlango. Aligeuza ufunguo. Vistari vikapotea, mishale ikapanda na kushuka, injini ikakohoa moshi wa siku zote zile, ikashika. Na pale pale kengele ikaanza. Ti, ti, ti. Sikuwa nimeisikia sauti ile kwenye gari la mtu yeyote wa familia yetu kwa miaka.

Metro aliweka mikono kwenye usukani, akailazia kichwa. Hakufunga mkanda. Kengele ikaendelea.

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimelibeba njia nzima, kwamba mkanda ni kuvuta tu na kubana. Halikutoka.

Olha alirudi mbio, unga mikononi.

"Limewaka," alisema. "Kumbe gia ilikuwa nini? Nilijua, nilisema huyu mwanaume hajui gia wala kisahani cha gia." Alicheka, akainamia dirishani. "Na kelele hiyo? Si Nestor aliiua hiyo kitu?"

Metro aliinua kichwa, tukamtazama wote wawili.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

Metro akamgeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu kizito peke yake, ambaye sasa ameonyeshwa mahali pa kukitua, na mahali penyewe pana unga mikononi. Akafungua mdomo. Nilimwona akivuta pumzi ya kuanza.

"Funga mkanda, Metro," nilisema.

Alinitazama. Akauvuta, akaubana. Banda likawa kimya, isipokuwa injini.

"Haya, vizuri," Olha alisema. "Basi kesho Stefa asihangaike na lori la nafaka. Atapanda nasi humu. Njooni mle, inapoa."

Akaenda. Tulimsikia akiwasemesha kuku njiani.

"Nimwambie?" Metro aliniuliza. Aliuliza taratibu, bado ameshika usukani. "Wewe ndiwe mjane. Sema wewe. Nimwambie, au nibaki nayo mimi?"

Nilizima kompyuta. Mbwa wetu alitokea kidogo, akatoweka. Nilimwambia sijui, na ndiyo kweli yangu mpaka ninapoandika haya. Tulikula supu. Olha alinijazia bakuli mara mbili, akanifungia perogi kwenye chombo, na Metro akanirudisha nyumbani. Tulipita kona ya shimo la kokoto polepole, wote wawili tumefunga mkanda.

Kesho ni arobaini ya Nestor. Watanipitia saa tatu asubuhi. Pikapu ina kiti kimoja kirefu cha mbele: Metro ataendesha, mimi nitakaa dirishani, na Olha atakaa katikati yetu, mikate mapajani.